Ng'ombe Aliyeliwa Kabla ya Mvua

Watu wa Didia wakisimulia habari ya shamba la Justa huanza na mimi, nimevaa koti la mwanamume, nimesimama mbele ya waombolezaji kama mwehu. Kisha hucheka na kuishia hapo. Sipendi wanavyoisimulia. Wanaruka mambo yote yenye maana, na mwisho wake wanaugeuza kichekesho. Koti hilo nililivaa mimi, basi acheni niseme mwenyewe.

Naitwa Paskalia. Mwaka wa hamsini na moja nilikuwa mama wa watoto watatu, na mdomo wangu ulikuwa haujui kupumzika. Maduhu alikuwa mtani wangu. Ukoo wake na wetu wametaniana tangu kwa babu wa babu zetu: sisi tunawaita wala panya, wao wanatuita wezi wa kuku, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Kila aliporudi kutoka Geita, alikofanya kazi mgodini, kitu cha kwanza ilikuwa kuiba chungu changu jikoni na kwenda kukificha kwa jirani. Nilimpenda sana yule bwana, vile mtu anavyompenda mtani wake.

Justa hakuwa mama yake wa kumzaa. Mama mzazi alifariki Maduhu akiwa mchanga kabisa, na Justa, jirani aliyekuwa akinyonyesha wa kwake, akampa na yeye ziwa. Baadaye yule wa kwake alikufa kwa surua, akabaki Maduhu. Hawakuwa ukoo mmoja. Kwa mambo ya urithi Justa hakuwa kitu kwake, na kwa mambo mengine yote alikuwa mama yake.

Sasa, mwaka mmoja kabla ya haya, Justa aliteleza kisimani akavunjika nyonga. Alilala ndani masika yote na shamba lake likaota majani. Kwetu ardhi ni ya kulima, si ya kutazama. Mwanangwa, ambaye ndiye mkuu wa kijiji aliyegawa mashamba kwa niaba ya mtemi, alimwambia kwa upole kwamba msimu mmoja anaweza kuufumbia macho, wa pili hapana. Shamba likikaa majani tena atapewa mwenye nguvu. Na mwenye nguvu alikuwa amekwisha jitokeza: Masele, kaka yake Maduhu, ambaye shamba lake lilipakana na lile na ambaye mwaka huo alikuwa haongei kitu isipokuwa pamba. Ungemsalimia akakujibu pamba.

Maduhu alipokuja likizo kiangazi akalisikia hilo, hakugombana na mtu. Alitoa dume lake jeupe, lenye pembe moja iliyopinda, akawaita elika. Elika ni chama cha vijana wanaolima kwa ngoma: unawapa ng'ombe, nao wanakuja na majembe yao wamejipanga mstari mmoja, ngoma inapigwa, na shamba ambalo lingekuchukua mwezi linakwisha kwa siku moja. Mkuu wao alikuwa Nkwabi, kijana mrefu, mcheshi, asiye na ubaya na mtu. Maduhu akamwambia mbele yetu sote: mvua ikishalainisha udongo, mlime shamba la mama yangu Justa, matuta yote, mpaka la mwisho. Nkwabi akagonga jembe chini kukubali.

Na hapa ndipo lilipo kosa letu, sisi wa huku. Mahali pengine mtu hufanya kazi ndipo akala. Sisi tunawalisha vijana kiangazi, wakati wa ngoma, maana ndipo nyama ina raha, halafu tunakaa tukitazama mbingu. Yule dume aliliwa wiki ileile mpaka nundu. Mimi mwenyewe nilipata kipande cha ubavu.

Kabla ya mvua kunyesha Maduhu akafa. Ilikuwa homa, nayo haikumchukua siku nyingi. Walimzika hukohuko Geita. Mwenzake wa kazi, mtu wa Bukoba aliyeitwa Athanas, akaja na lori kuleta sanduku lake la bati na koti lake, akatueleza vizuri, akala, akalala, akarudi. Sote tulilia. Justa hakulia. Alisema Geita ni mbali, watu ni wengi kule, na mtu huweza kuzikwa kwa jina la mwingine. Tulimwacha aseme.

Mvua ilipokuja ilikuja ya kweli. Asubuhi moja Justa akasikia ngoma ya elika, akachukua fimbo yake, akatoka mpaka njiani kuwapokea. Wakampita. Walikuwa wanakwenda kulima kwa mtu mwingine aliyetoa ng'ombe mwingine. Akamfuata Nkwabi akichechemea mpaka akamfikia.

"Mayu," Nkwabi akamwambia, yaani mama, kwa heshima zote, "mimi sijakataa kulima. Lakini aliyetuita ni Maduhu, na Maduhu hayupo. Na kaka yake anasema kazi ile sasa ni yake, tulime pamba yake. Nikilima kwako, Masele atanishtaki nimlimie tena. Nitawaambia nini vijana wangu? Walime mara mbili kwa ng'ombe mmoja?"

Ndiyo sababu jambo likaenda barazani kwa mwanangwa, na mimi nikamsindikiza Justa, kwa sababu kutembea peke yake ilikuwa taabu.

Wazee wa baraza walikuwa watano pamoja na mwanangwa, na nitawatendea haki: walisikiliza. Justa aliwaambia kwamba shamba lililotajwa ni lake, jina lililotajwa ni lake, na kila mtu alisikia.

"Tumesikia," akasema mwanangwa. "Lakini Nkwabi alimwahidi nani? Wewe au Maduhu?"

"Maduhu."

"Na ng'ombe alitoa nani?"

"Maduhu."

"Wewe ulitoa nini katika mapatano yale?"

Justa akafikiri. "Mimi nilitoa ziwa," akasema.

Watu wakacheka, na mzee mmoja akafuta macho. "Ziwa ulimpa Maduhu, dada yangu. Nkwabi hakunyonya kwako."

Nilirukia hapo, kama kawaida yangu. Nikasema ahadi ni deni, hata watoto wanajua. Mzee yuleyule akaniuliza: deni kwa nani? Mimi nikikutuma sokoni ukamletee mke wangu chumvi, ukala fedha yangu, mke wangu atakushtaki au nitakushtaki mimi? Nikasema utanishtaki wewe. Akasema basi. Kila anayetajwa katika mapatano ya watu akipewa neno la kudai, hakuna atakayethubutu kuahidiana hata juu ya kuku, maana atatokea shangazi wa mtu aseme alitajwa.

Nikiwa nimetulia nakubali kwamba ile hoja ina akili yake. Siku ile sikuwa nimetulia. Niliona bibi mwenye fimbo anaambiwa kwamba shamba ni lake, jina ni lake, majani yaliyoota ni yake, ila neno si lake. Mapatano yalifanywa kwa ajili yake, na yeye alikuwa nje ya mapatano. Roho iliniuma.

Wakakata shauri. Neno dhidi ya Nkwabi ni la Maduhu. Neno la marehemu huenda kwa mrithi wake, naye ni Masele. Matanga yakianuliwa na Masele akishavaa koti la marehemu, ndiyo alama ya mrithi, atawaambia elika walime anapotaka. Kama atawaambia walime kwa Justa, hiyo ni huruma yake. Masele alikuwepo. Alitazama chini, akasema ataliangalia, na sote tulijua ataliangalia akiwa amesimama kwenye pamba.

Tulirudi Justa na mimi polepole. Mimi nilikuwa nabwata njia nzima, namtukana Masele, nawatukana wazee, naitukana pamba, na katikati ya kubwata nikayasikia tena maneno ya baraza. *Akishavaa koti.* Maana yake mpaka alivae, hana. Matanga yalikuwa yaanuliwe Jumamosi. Kwa hiyo tangu leo mpaka Jumamosi neno la Maduhu lilikuwa bado la Maduhu.

Nilifika nyumbani bila kubwata, jambo lililomshangaza mume wangu.

Asiyejua mila zetu nimweleze kidogo. Katika kuanua matanga, watu wa ukoo wana kazi yao ya huzuni, na watani wana kazi yao ya fujo. Mtani humwiga marehemu, hulala mahali pake, huficha vitu vyake, hukataa azikwe. Anakombolewa kwa zawadi ndogo, kuku au mtungi wa pombe, kisha anaachia na mambo yanaendelea. Hapigwi wala hasukumwi. Anayemkasirikia mtani msibani amejiaibisha yeye na ukoo wake, na hutozwa faini. Kwa hiyo hakuna mtu aliyeshtuka Jumamosi ile, koti lilipotandazwa mkekani tayari kwa mrithi, mimi nikaruka kutoka upande wa wanawake nikalivaa.

Lilikuwa koti zito la rangi ya udongo, mikono imepita vidole vyangu. Nikakohoa kikohozi chake cha vumbi la mgodini. Nikatembea mwendo wake wa kurusha bega. Watu wakaanza kucheka huku wanajifuta machozi.

"Nani amesema nimekufa?" nikasema kwa sauti yake. "Niko zamu ya chini. Nimepanda kidogo kuvuta hewa nikakuta mnagawana suruali zangu. Masele, umekwisha zipima?"

Masele akacheka kama inavyotakiwa, akatoa kuku. Nikakataa kuku. Akaongeza mtungi. Nikamwambia mimi Maduhu sikuja kunywa, nimefuata ng'ombe wangu. Nikageuka.

"Nkwabi! Dume langu jeupe lenye pembe iliyopinda, liko wapi?"

"Tulikula, Maduhu," akajibu Nkwabi, maana mtani akikuita kwa sauti ya marehemu lazima umjibu marehemu.

"Lote?"

"Na nundu."

"Nilikwambia nini nilipokupa?"

Hapo vicheko vikapungua. Nkwabi akanitazama, na nikaona ameelewa. Akasimama wima. "Uliniambia nilime shamba la mama yako Justa. Matuta yote."

"Nimewahi kukwambia vingine?"

"Hujaniambia."

"Basi mbona mvua imenyesha, na mimi huko chini nasikia shamba la mama yangu lina majani?"

"Huyu ni Paskalia!" Masele akapaza sauti. "Hili baraza lilikwisha kata! Mwanamke huyu anatuchezea!"

"Masele," shangazi yake mmoja akauliza kwa utamu, "umekasirika? Na mtani?"

Akaagiza mbuzi. Mbuzi akaletwa, nikamkataa mbuzi. Chakula kilikuwa kinapoa na mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa magharibi, na bila koti hakuna mrithi, na bila mrithi hakuna mtu wa kuturuhusu tutawanyike. Mwishowe kila mtu akamgeukia mwanangwa. Yeye alinitazama, na nilikuwa namwogopa kweli, koti au si koti. Kisha akasema kwamba baraza lake lilisema neno ni la mrithi, na mrithi ni aliyevaa koti. Lilimtaja Masele, ila halikusema kwamba hakuna atakayelivaa kabla yake. Akamwambia Nkwabi ampe marehemu jibu.

"Tutalima kesho," Nkwabi akasema.

Masele hakuwa mjinga, na mjinga ningemdanganya kwa urahisi zaidi. Alisema sawa, walime. Lakini yeye hatakaa bila urithi kwa ajili ya michezo ya watani. Tuta la mwisho likikamilika, koti livuliwe palepale shambani, apewe, na matanga yawe yamekwisha. Na likibaki tuta hata moja, basi shamba halikulimwa, na mwanangwa aligawe. Mwanangwa akasema hiyo ni haki. Nami nikakubali, kwa sauti ya Maduhu, nikiwa nimejaa furaha ya ushindi.

Sikuwa nimemtazama Justa hata mara moja.

Elika walikuja alfajiri na ngoma zao. Walikuwa vijana kama arobaini, mstari mmoja, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja, na kwenye kila pigo la ngoma wengine wanarusha jembe juu na kulidaka. Udongo ulikuwa laini. Mimi nilisimama ukingoni nimevaa koti, maana mwenye kazi lazima awepo, na asubuhi nzima nilifanya vituko vyangu: nilimkemea huyu, nilimwita yule mvivu, nilikohoa. Walicheka wakalima zaidi.

Jua lilipopanda Justa akaniletea uji kwenye kibuyu.

"Kunywa, Maduhu," akasema.

Nikakipokea nikijibu kwa mzaha kwamba uji wa Geita ni mzuri kuliko huu. Hakucheka. Alikaa chini kando yangu, akanyoosha mguu wake mbovu, akaanza kuongea. Aliniambia paa linavuja upande wa mlango. Aliniambia yule mbuzi mwekundu alizaa mapacha, mmoja akafa. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, kwa nini nilikaa huko muda wote huo, na kama nilikuwa na mtu wa kunipa maji nilipougua. Alisema mgodi ule hakuupenda tangu mwanzo lakini aliogopa kunikataza, kwa sababu hakunizaa na watu wangesema.

Athanas alikuwa ametueleza, kwa hiyo jibu moja nililijua. Nikasema, "Athanas alinipa maji, mama. Hakuniacha mpaka mwisho."

Akatikisa kichwa taratibu. "Wabeja," akasema. Ahsante. Akabaki amekaa hapohapo mpaka kivuli kikageuka, mkono wake umeshika pindo la koti.

Alasiri likabaki tuta moja. Masele alikuwa amekwisha kuja, na mwanangwa, na nusu ya kijiji. Vijana wakajipanga kwa tuta la mwisho, ngoma ikapandishwa, na hapo Justa akajikongoja mpaka katikati, akasimama kwenye majani yaliyobaki.

"Yametosha, wanangu," akamwambia Nkwabi. "Hili liacheni."

Ngoma ikanyamaza. Nkwabi akasema mayu, ni tuta moja tu. Justa akasema anajua ni moja, ndiyo sababu anaomba. Shamba ni lake na hili halitaki. Akamshika Nkwabi mkono.

Kila mtu akaelewa kwa wakati mmoja, kwamba tuta hilo likiisha koti litavuliwa, na hakuna aliyeweza kumtazama. Nkwabi mwenyewe alikuwa na machozi. Lakini hakuweza kumkubalia. Yule bibi hakuwa mwenye neno, si la kudai kazi wala la kuisamehe. Akageuza uso akanitazama mimi, na arobaini wote wakanitazama, na majembe yao mabegani.

Nilitaka kusema acheni. Mungu ananijua. Lakini Masele alikuwa amesimama pale na mwanangwa pembeni yake, na tuta moja la majani lingemlia Justa shamba zima. Maduhu hakutoa dume lake ili shamba lilimwe nusu. Nikajiuliza angesema nini, nikajua, na nikamchukia kidogo kwa kufa na kuniachia mimi niseme.

"Limeni," nikasema.

Nkwabi alimwinua Justa kama anavyoinuliwa mgonjwa, akamweka pembeni. Ngoma ilipigwa, lakini hakuna aliyerusha jembe. Walilima kimya. Tuta likaisha, na shamba lote likawa jeusi kutoka kijitoni mpaka njiani.

Masele akanyoosha mkono. Nikaanza kufungua vifungo. Justa akaja. Akaondoa mikono yangu, akafungua vifungo mwenyewe, akanivua mkono mmoja kisha mwingine, taratibu, kama anavyovuliwa mtoto anayepelekwa kuoga. Akalikung'uta. Akalikunja vizuri, akampa Masele, akamwambia alianike kwanza kabla ya kulivaa.

"Lina jasho la Paskalia," akasema.

Siku nzima hakuwa ameniita jina langu. Kisha akakaa chini kwenye udongo mpya, akaanza kumlilia mwanawe.